Namba moja, watu wawili: kusoma majibu ya sukari, mafuta na presha kwa umri na jinsia

Swali limetoka kwa mama wa Kisauni:

"Assalamu alaikum daktari. Nina miaka 51, hedhi imekoma yapata mwaka na nusu. Tulipima sote nyumbani siku moja: mimi, mume wangu wa miaka 54, binti yetu wa miaka 27 na mama mkwe wa miaka 76. HDL yangu ni 1.15, ya mume wangu ni 1.15 vilevile. Yake imeandikwa iko sawa, yangu imepigwa alama nyekundu. Binti ni mwembamba, sukari ya kufunga ni 4.9, lakini ile ya miezi mitatu imetoka 5.9 na sasa halali kwa wasiwasi. Mama mkwe presha ni 158 kwa 68, tukaambiwa ni presha ya uzee, tumwache. Umri na kuwa mwanamke au mwanamume vinabadilisha nini hasa? Nimetuma karatasi zote."

Waalaikumu ssalamu, mama. Nimezisoma karatasi zote nne. Nitaanza na ile namba iliyokukera, kwa sababu ukiielewa hiyo zilizobaki zitafunguka zenyewe.

Umri na jinsia vinaingia kwenye majibu kwa njia mbili. Kuna vipimo ambavyo mpaka wenyewe hutofautiana: wa mwanamke si wa mwanamume. Na kuna vipimo ambavyo mwili hubadilika miaka ikienda lakini mpaka haubanduki, kwa kuwa madhara hayamsamehe mtu kwa sababu ni mzee. Makosa mengi hutokana na kuzichanganya njia hizi mbili. HDL yako ni ya kundi la kwanza, presha ya mama mkwe ni ya kundi la pili. Ya binti yako ina sababu nyingine kabisa, iko kwenye damu yake, nami nitaifikia.

HDL ni chembe zinazobeba kolesteroli kutoka kwenye kuta za mishipa na kuirudisha kwenye ini. Utotoni, ya wavulana na ya wasichana hukaribiana. Wakibaleghe, ya wavulana hushuka, maana homoni ya kiume huongeza kimeng'enya cha ini kinachozivunja chembe hizo. Ya wasichana hubaki juu, na tofauti hiyo hudumu utu uzima wote. Ndiyo sababu mpaka wa mwanamume ni 1.0 na wa mwanamke ni 1.3, kwa milimoli kwa lita. Mumeo kwa 1.15 amevuka mpaka wake. Wewe kwa 1.15 hujaufikia wako. Maabara haikukosea.

Usiende kutafuta dawa ya kupandisha HDL. Dawa za aina hiyo zimejaribiwa, zikapandisha namba, na mshtuko wa moyo haukupungua kama ilivyotarajiwa. HDL ya chini ichukue kama moshi: tafuta moto uko wapi, na mara nyingi moto uko tumboni na kwenye sukari.

LDL, ile inayoganda kwenye mishipa, haina mpaka wa kike na wa kiume, lakini yenyewe inafuata umri. Yako ni 3.9, ya mumeo 3.4. Kama una karatasi ya miaka minne mitano iliyopita, itafute kabatini. Sitashangaa ikiwa ilikuwa chini. Estrojeni, homoni ya kike, huisaidia ini kuiondoa LDL kwenye damu, kwa hiyo kwa wanawake wengi hupanda kwa kasi kati ya mwaka mmoja kabla ya hedhi ya mwisho na mwaka mmoja baada yake. Ya wanaume hupanda taratibu tangu ujanani na kutulia kwenye miaka ya 50 hivi. Mwanamke aliyepimwa akiwa na miaka 45 akaambiwa mafuta yake ni mazuri asilitegemee jibu hilo akifika 55. Apime upya hedhi ikishakoma.

Sasa tuhesabu. Madaktari hutazama mambo matano kwa pamoja, na mtu akiwa na matatu kati ya hayo husemwa ana sindromu ya kimetaboli, yaani mwili umeanza kushindwa kuitumia sukari na mafuta vizuri, na njia ya kisukari na ugonjwa wa moyo imefunguka. Ni kiuno kipana. Trigliseridi, mafuta mengine ya kwenye damu, kuanzia 1.7, HDL chini ya 1.0 kwa mwanamume au 1.3 kwa mwanamke. Presha kuanzia 130 kwa ya juu au 85 kwa ya chini. Na sukari ya kufunga kuanzia 5.6. Anayetumia dawa kwa mojawapo anahesabiwa analo hata kama namba imeshuka.

Wewe: kiuno sentimita 93, limo. Presha 134 kwa 84, imo kwa sababu ya ile ya juu. Sukari 5.8, imo. HDL 1.15, imo. Trigliseridi 1.3, haimo. Manne kati ya matano.

Mumeo: kiuno 97, limo. Sukari 6.2, imo. Trigliseridi 1.9, imo. Presha 128 kwa 82 haimo, HDL haimo. Matatu. Karatasi yake ina wekundu mchache kuliko yako, lakini naye yumo, na sukari yake ya kufunga imepita yako. Mwambie asiifurahie ile HDL.

Kiuno ni kipimo ambacho jinsia inakigusa sana. Mwanamke kabla ya hedhi kukoma huhifadhi mafuta mapajani na makalioni, chini ya ngozi, mahali ambapo hayana madhara makubwa. Mwanamume huyaweka ndani ya tumbo, yakizunguka ini na utumbo, na hayo ndiyo yanayomwaga mafuta kwenye damu ya ini na kuifanya insulini, homoni inayoishusha sukari, isisikilizwe. Ndiyo maana wanaume kwa kawaida hupata kisukari wakiwa na umri mdogo na uzito mdogo kuliko wanawake. Hedhi ikikoma, mafuta ya mwanamke nayo huanza kuhamia tumboni, wakati mwingine bila mizani kusogea hata kilo mbili. Nguo hubana kiunoni na kulegea mapajani. Ukiliona hilo, ndilo.

Kwa watu wenye asili ya Kiafrika, kipimo cha kimataifa kinachotumika ni sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke. Kwa wenye asili ya Bara Hindi, ambao Mombasa ni jirani na wakwe zetu, mpaka wa mwanamume unashuka hadi 90, kwa kuwa wao hudhurika na tumbo dogo zaidi. Marekani wametumia 102 na 88 kwa miaka mingi, na mashine nyingine huja na namba hizo. Kwa 102 mumeo angeonekana ana mawili tu, akarudi nyumbani akiamini hana lolote. Uliza karatasi imetumia mpaka gani.

Tena kiuno hupimwa vibaya karibu kila mahali. Si pale suruali inapokaa. Mwanamume mwenye kitambi hufunga mshipi chini ya tumbo, halafu husema kiuno chake ni inchi 36 kwa sababu ndivyo suruali inavyosema. Tafuta kwa vidole ubavu wa mwisho, kisha ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, na upime katikati ya hapo. Tepu ikae juu ya ngozi. Leso iliyokunjwa kiunoni pamoja na gauni huongeza sentimita kadhaa. Toa pumzi kama kawaida, usinyonye tumbo, kisha soma.

Nyumbani mna njia rahisi zaidi, nayo mpaka wake ni mmoja kwa wanawake na wanaume: kiuno kisifike nusu ya urefu wako. Chukua uzi usiovutika. Kanyaga ncha moja kwa kisigino, mtu aupandishe mpaka utosini, mkate hapo. Ukunje katikati uwe nusu, halafu uuzungushe tumboni. Wewe urefu wako ni 158, nusu ni 79, kwa hiyo ncha zitaachana sentimita 14. Mumeo wa 172 zitaachana 11. Binti yako mwenye kiuno 78 na urefu 160 uzi wake utapishana sentimita 2. Uweke uzi wako. Kila mwezi uzungushe tena upime lile pengo, maana pengo litakuambia mambo mapema kuliko mizani.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta asilimia 38.5 ya wanawake wazima Kenya wana uzito uliozidi au unene, na wanaume asilimia 17.5. Kwa hiyo wewe si peke yako hata kidogo. Na ule usemi kwamba baada ya miaka 30 mwili hupoa, hauchomi tena chakula, hauna msingi. Utafiti mkubwa uliochapishwa kwenye jarida la Science mwaka 2021 ulionyesha kwamba ukishalinganisha ukubwa wa mwili na misuli, nishati inayotumika hubaki karibu palepale kati ya miaka 20 na 60, kwa wanawake na wanaume, kisha ndipo hushuka polepole. Kinachopungua tangu miaka ya 30 na 40 ni misuli. Na misuli ndiyo inayomeza sehemu kubwa ya sukari baada ya chakula. Hilo linarekebishika.

Neno moja kuhusu trigliseridi yako ya 1.3, kwa kuwa inaweza kukudanganya. Watu wenye asili ya Kiafrika, hasa wanawake, huwa na trigliseridi ya chini hata pale insulini ilipoanza kushindwa kazi. Usiichukue kama kibali. Kwa mumeo hali ni tofauti: trigliseridi za wanaume hufika kilele kwenye miaka ya 40 na 50, na 1.9 yake huenda ikashuka mapema akipunguza soda, juisi na vitafunio vya ngano. Za wanawake huendelea kupanda taratibu mpaka uzeeni.

Tuje kwenye sukari. Mipaka haina jinsia wala umri: kufunga 7.0 na zaidi ni kisukari, na kipimo cha miezi mitatu, kile karatasi inakiandika HbA1c, kuanzia 6.5 ni kisukari. Eneo la hatari kwa HbA1c ni kati ya 5.7 na 6.4, na kwa ya kufunga huanzia ile 5.6. Kama huna dalili, jibu moja la kisukari halitoshi, hurudiwa. Lakini jinsia hubadilisha mahali ugonjwa unapojificha. Wanaume kwa wastani huwa na sukari ya kufunga ya juu zaidi. Wanawake hupatikana zaidi kwenye kipimo cha saa mbili baada ya kunywa gramu 75 za glukosi, sehemu kwa sababu kipimo ni kilekile kwa mwili mdogo wenye misuli michache. Mwanamke anaweza kuwa na sukari nzuri alfajiri na mbaya saa mbili baada ya wali. Wewe una 5.8 ya kufunga na HbA1c 6.0, uko eneo la hatari kwa pande zote mbili. Na kama katika uzazi wowote uliambiwa una sukari ya mimba, hata kama ilipotea ulipojifungua, mweleze daktari wako. Wanawake hao hupata kisukari baadaye mara nyingi kuliko wenzao, na wanapaswa kupimwa angalau kila miaka 3 maisha yote. Presha ya mimba nayo itaje.

Kisukari kikishaingia, mwanamke hupoteza ile kinga aliyokuwa nayo dhidi ya ugonjwa wa moyo. Kinamwongezea hatari kwa kiwango kikubwa kuliko kinavyomwongezea mwanamume. Ndiyo maana nakusihi usiseme "ya mume wangu ndiyo muhimu, mimi nitaangalia baadaye".

Sasa binti. Sukari ya kufunga 4.9, kiuno 78, presha 112 kwa 72, HDL 1.5, trigliseridi 0.8. Hakuna hata kimoja kati ya vitano. Halafu HbA1c 5.9? Namba hiyo haikai na wenzake. Niliposhuka chini ya karatasi nikakuta wingi wa damu: hemoglobini 9.8. Mpaka wa mwanamke asiye mjamzito ni 12, wa mwanamume ni 13. Binti yako ana upungufu wa damu, na hapo ndipo jibu lilipo.

HbA1c haipimi sukari moja kwa moja. Inapima sukari iliyoshikamana na hemoglobini ndani ya chembe nyekundu, na chembe hizo huishi kama siku 120. Madini ya chuma yakipungua mwilini, chembe mpya huzaliwa chache, zile kuukuu hukaa nyingi kwenye damu, nazo zimeshika sukari kwa muda mrefu. Namba inapanda ingawa sukari yenyewe haijapanda. Mwanamke aliye kwenye umri wa hedhi ndiye anayepatwa na hali hii zaidi, na asilimia yake ya 5.9 haipaswi kusomwa kama ya babake ya 5.8.

Kuna upande wa pili wa jambo hili, nao unatuhusu sana hapa Pwani. Mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu zisivunjike, mwenye selimundu (sickle cell), aliyeongezewa damu karibuni au aliyetoka kwenye malaria kali iliyovunja chembe, HbA1c yake hushuka kwa uongo. Hata anayebeba kinasaba kimoja cha selimundu bila kuugua anaweza kupata namba isiyo sahihi kwenye baadhi ya mashine. Upungufu wa G6PD huwapata zaidi wanaume, kwa kuwa kinasaba chake kiko kwenye kromosomu X. Kama katika ukoo wa mumeo kuna selimundu au watoto waliowahi kupata manjano ghafla baada ya dawa, ile 5.8 yake isitegemewe peke yake. Sukari ya kufunga 6.2 ndiyo ifuatwe.

Kwa binti: apimwe feritini, yaani akiba ya chuma mwilini, na aulizwe kuhusu hedhi nzito, minyoo, na kama ana tamaa ya kutafuna barafu au ule udongo wa kula unaouzwa sokoni, maana tamaa hiyo mara nyingi hufuatana na upungufu wa chuma. Akipewa vidonge vya chuma, asivimeze na chai. Chai huzuia chuma kuingia mwilini, na kifungua kinywa chetu cha chai na mahamri kinamnyima hata kile kidogo kilichomo kwenye mbaazi. Anywe maji, au juisi ya ndimu isiyo na sukari, chai ingoje saa moja au zaidi. HbA1c irudiwe baada ya damu kurudi na miezi mitatu kupita. Mpaka hapo alale usingizi.

Mama mkwe. Hili limenisikitisha. "Presha ya uzee" ni maneno yaliyowaacha wazee wengi kitandani na upande mmoja umepooza. Ni kweli kwamba mishipa hukakamaa kwa umri. Mshipa mkubwa ulio laini hutanuka moyo unaposukuma na kurudi polepole, ukiishikilia presha ya chini isianguke. Ukikakamaa, ya juu hupaa na ya chini huporomoka. Ndiyo maana presha ya chini hupanda mpaka kwenye miaka ya 50 hivi kisha hushuka, huku ya juu ikiendelea kupanda. Kwa wanawake mpando huo huwa mkali zaidi baada ya hedhi kukoma. Kijana wa kiume huwa na presha ya juu kuliko dada yake, na uzeeni dada humfikia au kumpita. Pengo la mama mkwe, 158 kutoa 68, ni 90. Pengo pana namna hiyo ni alama ya mishipa migumu, haliwi faraja kwa kuwa ya chini "ni nzuri".

Kwamba ni jambo la kawaida kwa wazee hakulifanyi liwe salama. Mwaka 1991 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Marekani kwa watu wa miaka 60 na zaidi waliokuwa na presha ya juu ya 160 au zaidi huku ya chini ikiwa chini ya 90: waliopewa dawa walipata kiharusi pungufu kwa asilimia 36. Mwaka 2008 jaribio jingine kwa watu wa miaka 80 na zaidi lilisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu vifo vilipungua kwa waliotibiwa. Mama mkwe yuko juu ya 140. Apimwe tena siku tofauti, na ikibaki hapo, atibiwe.

Ila kwa mzee dawa huanzwa kwa dozi ndogo na hupandishwa taratibu, na kuna kipimo kimoja kisisahaulike. Apimwe akiwa amekaa, kisha asimame, apimwe tena baada ya dakika 1 na dakika 3. Ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, ana hatari ya kuanguka akiamka usiku kwenda msalani, na daktari lazima ajue kabla ya kuandika dawa. Kingine kwake: asipunguzwe chakula kwa sababu ya mafuta. Kwa umri wa 76, mwili ukikonda bila kukusudia ni misuli inayoondoka. Samaki, mayai, kunde na mbaazi viwepo kila siku.

Figo zake nitazigusa haraka. Kreatinini yake, taka ya damu inayochujwa na figo, ni 85 na imeandikwa iko sawa. Kreatinini hutoka kwenye misuli, kwa hiyo mwanamke mzee mwenye misuli michache huwa na namba ndogo hata figo zikichoka. Ukiingiza 85 hiyo kwenye hesabu inayozingatia umri na jinsia, kwake figo zinachuja takriban mililita 61 kwa dakika, na kwa kijana wa kiume wa miaka 27 ni takriban 111. Namba ileile. Daima omba hesabu hiyo iandikwe, na apimwe protini kwenye mkojo. Asidi ya yurea nayo na vimeng'enya vya ini vina mipaka ya chini zaidi kwa wanawake. Kwenye karatasi zenu hakuna tatizo hapo.

Kabla hamjafanya lolote, rudieni vipimo, na safari hii kwa utaratibu.

Chakula cha mwisho kiwe saa mbili usiku, damu itolewe kati ya saa mbili na saa nne asubuhi. Katikati ni maji matupu. Kikombe cha chai ya maziwa alfajiri, hata bila sukari, kimeharibu kufunga. Msipime mara tu baada ya Ramadhani. Futari za mwezi mzima bado ziko kwenye trigliseridi, ngojeni wiki tatu nne. Aliyetoka kuugua homa naye angoje.

Muulizeni anayetoa damu kama kichupa cha sukari kitatenganishwa upesi. Chembe za damu zinaendelea kula sukari ndani ya kichupa, kama asilimia 5 hadi 7 kwa saa, na kwenye joto la Mombasa huenda haraka zaidi. Damu iliyokaa saa tatu mezani kabla ya kufika kwenye mashine inaweza kuificha sukari iliyopanda. Mashine ndogo ya kidole ni ya kufuatilia, si ya kuthibitisha ugonjwa. Vijiti vyake vikae ndani ya kichupa chake na kifuniko kimefungwa, mbali na jiko, maana unyevu wa hewa yetu huviharibu. Na mikono ioshwe kwa sabuni: kidole kilichomenya embe kinatoa sukari ya embe.

Presha ipimwe umekaa dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini bila kupishana, mkono juu ya meza usawa wa moyo, kibofu kitupu, hakuna kuongea. Kahawa na sigara viachwe angalau nusu saa kabla. Mumeo kama anatafuna miraa au muguka, asipime siku hiyo. Hupandisha presha na mapigo ya moyo. Kwa mkono mnene ombeni ukanda mkubwa, kwa sababu ukanda mdogo unaweza kuongeza 10 au zaidi. Wewe kwa 134 yako, pima nyumbani siku 7, mara mbili asubuhi na mara mbili jioni, tupa za siku ya kwanza, tafuta wastani wa zilizobaki. Wastani wa nyumbani ukifika 135 kwa 85, nenda kwa daktari nao umeandikwa.

Kisha kazi yenyewe, kwa wewe na mumeo. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2002 kwa watu waliokuwa eneo la hatari kama ninyi ulilenga mambo mawili: kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea kwa kasi dakika 150 kwa wiki. Waliopata kisukari walipungua kwa asilimia 58. Kwa wenye miaka 60 na zaidi, kwa asilimia 71. Umri ulikuwa upande wao. Wewe una kilo 76, kwa hiyo lengo ni kama kilo 5, ndani ya miezi sita. Dakika 30 mara tano kwa wiki, ufuoni pale Mama Ngina jioni au popote palipo salama, kwa mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba.

Misuli isisahaulike, hasa kwako. Mara mbili kwa wiki: kaa na uinuke kwenye kiti bila kushika, mara 10, pumzika, rudia mara tatu, sukuma ukuta kwa mikono idadi hiyohiyo, beba mitungi miwili ya lita 5, mmoja kila mkono, utembee uani dakika moja moja. Magoti yakiuma, kiti kiwe kirefu zaidi.

Chakulani sitaki muache wali. Sahani igawiwe: nusu mchicha, sukumawiki au kachumbari, robo samaki au maharagwe, robo wali. Wali wa nazi uwe wa siku moja au mbili kwa wiki na tui liwe jepesi, kwa kuwa mafuta ya nazi hupandisha LDL na yako tayari ni 3.9. Kipunguzeni kijiko kimoja cha sukari kwenye chai kila wiki mbili, ulimi utazoea. Madafu ni bora kuliko soda, lakini dafu moja, si matatu.

Kuhusu dawa ya LDL, usiamue kwa namba hiyo peke yake. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2019 jedwali la hatari ya moyo lililotengenezwa kwa Afrika Mashariki, kwa watu wa miaka 40 hadi 74. Linachukua umri, jinsia, sigara, presha ya juu, kisukari na kolesteroli yote, kisha linaonyesha asilimia ya hatari kwa miaka 10. Mwombe daktari alifungue mbele yenu, yako na ya mumeo, kila mmoja kwenye safu yake. Mama mkwe amepita umri wa jedwali hilo. Kwake presha na figo ndizo zitakazoongoza.

Ukirudi baada ya miezi mitatu, niletee karatasi mpya na zile za zamani pamoja, ule uzi wenye pengo lililopimwa, na hemoglobini ya binti kabla ya HbA1c yake. Nitaanza na hemoglobini.